Bei ya Hewa Futi Kumi

Laki tatu na nusu. Hiyo ndiyo bei aliyonitajia mchimbaji, na wala hakushika hata futi ya kupimia. Aliutazama uwanja, akaugonga kwa kisigino, akatema mate pembeni, akasema, "Hapa bosi, laki tatu na nusu. Futi kumi. Ukitaka niendelee chini, kila futi ina bei yake, na inapanda."

Nikamuuliza inapandaje wakati yeye anashuka. Hakucheka. Watu wa kazi ngumu hawacheki utani wa mteja kabla hajatoa advansi.

Nielewe, msomaji. Nikinunua tofali, nabaki na tofali. Nikinunua bati, mvua ikinyesha nasikia hela yangu inavyolia juu ya paa. Lakini shimo ni kitu gani? Ni mahali ambapo udongo umeondoka. Nimlipe mtu laki tatu na nusu ili aniachie hewa, tena ndani ya ardhi niliyoinunua mwenyewe kwa hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi, ambao baadhi yao hadi leo tukikutana wananidai soda?

Nikasema haiwezekani. Mikono ninayo.

Mama watoto aliinua macho kutoka kwenye sahani, akaitazama hiyo mikono, akarudi kwenye sahani. Ni mikono ya ofisini, sibishi. Kazi yake nzito kwa miaka mingi imekuwa kupiga mhuri kwenye faili lenye vumbi. Lakini babu yangu alichimba, na baba yake alichimba, na nijuavyo mimi hakuna aliyeenda chuo kusomea.

Shimo lenyewe halikuwa la hiari. La zamani limejaa. Aliyetuuzia nyumba alilichimba kwa ubahili, na kila masika maji ya ardhini yakipanda, choo kinagoma. Hapo inabidi liitwe gari la kunyonya. Gari hilo likiingia kwenye kichochoro chetu huku pembezoni mwa Dar es Salaam linaziba njia, bodaboda wanapanga foleni wakipiga honi, na mtaa mzima unajua ni kwa nani kumejaa. Wapo majirani ambao hawaliiti kabisa. Wao husubiri ile mvua kubwa ya usiku, wakatoboa shimo pembeni na kutapisha, na asubuhi utawakuta nao wanaruka madimbwi wameziba pua, wanauliza kwa mshangao harufu inatoka wapi. Sisi hatuwezi. Mama watoto anaimba kwaya.

Basi likahitajika shimo jipya la kunyonyea maji, na wa kulichimba nikawa mimi, Februari, juani. Februari niliichagua kwa hesabu. Ukichimba masika, udongo ni laini lakini shimo linajaa maji kabla hujalimaliza. Ukichimba kiangazi, shimo ni kavu lakini ardhi imegeuka zege. Aliyepanga misimu ya ukanda huu wa pwani hakumfikiria hata kidogo mtu mwenye sururu.

Ikaja habari ya mahali. Wataalamu wa afya wanashauri shimo la choo liwe mita 30 kutoka kwenye kisima, na kitako chake kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Ushauri mzuri sana kwa mtu mwenye shamba. Kiwanja changu ni kile kile cha watu wengi wa huku, 20 kwa 20. Mstari mrefu kuliko yote unaoweza kuuchora ndani ya 20 kwa 20, kutoka pembe hadi pembe, ni mita 28 na ushei. Jirani wa kushoto ana kisima kando ya ukuta wetu. Kwa hiyo ili niutii ushauri wa afya, shimo langu lilitakiwa kuchimbwa sebuleni kwa jirani wa kulia.

Nilimfuata wa kushoto kistaarabu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kisima kile kilikauka zamani, siku hizi kinahifadhi mipira ya watoto na kandambili zisizo na wenzake. Nikachagua pembe ya mbali kabisa, nyuma ya jiko, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Hilo la kamba lilizua kikao kingine ambacho sitakisimulia.

Kisha nikaenda dukani. Hivi unajua kwamba sururu linauzwa bila mpini? Unalipia chuma, unakikumbatia, unavuka barabara kwenda kwa muuza mipini. Nilimuuliza kijana wa dukani kama amewahi kumwona mteja anayechimba kwa kichwa cha sururu kitupu. Akanijibu kwa upole, "Mzee, wengi mpini wanakuwa nao nyumbani." Nyumba gani hizo, ambazo watu wanaweka mpini wa akiba kabatini pamoja na mashuka? Nikanunua chuma, mpini, chepe, na kamba ya kuvutia ndoo. Mtaimbo niliazima kwa jirani, ambaye aliuleta mwenyewe ili apate nafasi ya kukagua. Mpini ukawa unacheza kwenye tundu. Mzee mmoja mstaafu wa mtaani akaniambia niuloweke ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, mti ukinywa maji unavimba na kukaza. Ni kweli unakaza. Ila ndoo niliyotumia ilikuwa ya maji ya kupikia, na hicho kikawa kikao cha tatu.

Futi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Juu ni kichanga, chepe linazama bila kubembelezwa. Nilichora mraba safi wenye pembe nne zinazopimika, nikashuka hadi magotini kabla ya chai, nikapiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Mjomba wa Songea akajibu mbele ya watu wote, "Poleni sana. Nani amefariki?"

Chini ya kichanga nikakutana na historia ya uwanja. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na juu ya ardhi kweli imeadimika, ila chini ya kamba yetu ya nguo tangazo halijafika. Mifuko ya rambo ilikuwa mizima, na rangi zake, na mafundo yake. Nikatoa betri za redio, kichwa cha mwanasesere, na kijiko. Kijiko nilikifuta kwa kidole gumba nikakitambua: ni kimoja cha seti tuliyozawadiwa siku ya harusi, kile ambacho kilipopotea, dada wa kazi wa wakati ule alifungashiwa virago. Nilitazama huku na huku, nikakirudisha kwenye udongo. Kesi ile ilishafungwa.

Kisha ukaja mfinyanzi. Mfinyanzi wa Februari haukatwi, unaombwa. Sururu langu lilipiga likadunda kama mpira kwenye sakafu, mtetemo ukapanda mikononi, ukavuka mabega, ukakaa nyuma ya shingo, na uko pale hadi ninapoandika. Chepe likawa halina kazi. Mtaimbo ulitoa vipande vya ukubwa wa kipande cha sabuni, na kila kipande kilikuwa na maoni yake.

Jioni hiyo, nimejilaza kifudifudi, nikafanya kosa la kupiga hesabu kwenye simu. Shimo la upana wa mita moja na nusu na kina cha futi kumi, yaani mita tatu hivi, hata likiwa la duara lina zaidi ya mita tano za ujazo. Mita moja ya ujazo ya udongo haipungui tani moja na nusu. Zidisha mwenyewe, mimi nilizidisha nikazima simu: ni karibu tani nane. Tani nane, kwa ndoo, kutoka chini kwenda juu. Tena udongo una tabia moja ya kihuni: ukishachimbuliwa unavimba kwa kama robo nzima, kwa sababu umefunguka na kuingia hewa. Nilipomweleza mama watoto kwamba rundo litakuwa kubwa kuliko shimo, akasema basi ndicho kitu cha kwanza kuongezeka hapa nyumbani tangu mwaka uanze.

Wa kuvuta ndoo alikuwa shemeji. Shemeji yangu ni kijana mwenye diploma na usingizi, anakaa kwetu akisubiri ajira. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo haipungui kilo 25, kwa hiyo tulikubaliana nijaze nusu, kisha akaomba robo, na mwishowe alikuwa ananishushia ndoo, anaivuta ikiwa na udongo wa kupandia ua moja, anaumwaga hapo hapo ukingoni, na nusu yake inanirudia kichwani.

Nilijaribu kumtia moyo kwa elimu. Nikamwambia, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Lindi, lakini walioshika sururu walikuwa babu zetu, na msimamizi wao mkuu alikuwa mtu wa huko huko aitwaye Boheti bin Amrani. Mifupa hiyo, zaidi ya tani 200, ilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandarini Lindi, hakuna winchi, hakuna kenta. Leo mnyama wao mmoja amesimama makumbusho ya Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. "Sasa wewe," nikamalizia nikiwa chini, nimeinua kidole, "robo ndoo?"

Shemeji akafikiri. "Walikuwa wanalipwa, shem?"

"Walikuwa wanalipwa."

"Ahaa," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Sasa niseme juu ya wapita njia, maana hao ndio walionichosha kuliko mfinyanzi. Mtu akiwa anaandika barua, hakuna atakayesimama nyuma yake kumwambia aanze aya mpya. Mtu akichimba shimo, mtaa mzima umesomea. Uzio wetu wa nyuma ni wa michongoma, nusu imekufa, na kinjia cha kwenda gengeni kinapita pale pale. Kila aliyepita alisimama. Kila aliyesimama alianza na "pole na kazi," ambayo nilijibu "ahsante" hadi koo likakauka, kisha akatoa shauri. Mama wa vitumbua alisema nimwage maji usiku ulainike. Fundi pikipiki alisema nikimwaga maji utanata. Kijana wa bodaboda, ambaye asubuhi alinisalimia "mambo vipi kaka", alirudi saa nane mchana akaniamkia "shikamoo", kwa sauti ya heshima kabisa, kwa jinsi nilivyokuwa.

Na ukiwa ndani ya shimo huwaoni watu, unaona miguu. Nilianza kuwatambua majirani kwa kandambili na magaga. Kuna jozi moja ya raba nyeupe ilikuwa inasimama muda mrefu kuliko zote bila kusema neno. Hiyo sikuijua ni ya nani, na ndiyo iliyonikera zaidi.

Mzee mstaafu yeye alileta kiti. Aliketi kivulini, akaniambia mraba haufai, shimo la choo huchimbwa duara, kwa sababu ukuta wa duara unajibana wenyewe pande zote, ila wa mraba huanza kupasuka kwenye pembe. Nikamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, duara halipimiki." Akasema linapimika, unasimika kijiti katikati, unafunga kamba. Nikamwambia shimo langu lina sura ya chumba, na chumba kina pembe. Mzee akaagiza kahawa.

Siku ya shimo kufika kifuani, ndipo yalipokuja maneno ya dhahabu iliyozikwa na Mjerumani. Nchi hii mtu hawezi kuchimba mwenyewe uwanjani kwake bila majirani kufahamu anatafuta nini, hasa akiwa ni mtu wa ofisini mwenye uwezo wa kulipa kibarua. Kwa nini ajifiche ndani ya shimo? Kwa nini amwajiri shemeji tu, mtu wa nyumbani? Ilisemwa gengeni kwamba nina ramani. Ikasemwa nimeshapata rupia. Mjumbe wetu alikuja na daftari, akaketi kwenye kiti cha mzee mstaafu, akaniuliza kwa mafumbo kama ninajua kwamba mali ya kale iliyo ardhini ni ya serikali.

Nikamweleza mjumbe kwamba rupia ya dhahabu ya Mjerumani, ile yenye picha ya tembo, ya rupia 15, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, na kutoka Tabora hadi hapa kwa reli ya zamani ni zaidi ya kilomita 800. Mjerumani alikuwa anafukuzwa na Waingereza na Wabelgiji. Angekuja kuzika dhahabu chini ya kamba yangu ya nguo kwa nauli gani? Mjumbe akaandika kila neno. Kosa langu likawa kujua mno: mtu asiyetafuta rupia anaijuaje kiasi hicho?

Na sitawalaumu kabisa. Tangu Juni 2020, pale Saniniu Laizer wa Mirerani alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, kwa jumla zaidi ya kilo 14, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 na kupigiwa simu na Rais Magufuli mbele ya kamera, hakuna Mtanzania anayegonga kitu kigumu ardhini akaendelea tu na kazi. Hata mimi nikigonga nilikuwa nanyamaza kidogo, nainama, napapasa. Shemeji naye hapo ndipo alipokuwa akiacha simu. Yalikuwa mawe ya kawaida, ila tuliyaosha yote.

Usiku wa siku hiyo mgongo ulijifunga. Sikushindwa, naomba ieleweke, niliahirisha. Mtu aliyeshindwa hutupa sururu. Mimi sururu nililiingiza ndani, nikaliegemeza ukutani, nikalala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa mbali, nikachuliwa mgongo na mama watoto kwa dawa inayonuka hadi kwa jirani, huku akiimba kwa kunong'ona nyimbo za kwaya ambazo zote, kwa bahati, zilihusu kaburi kuwa wazi.

Mchimbaji alikuja bila kuitwa. Nilipomwona tu nikatazama miguuni: raba nyeupe.

Aliinama ukingoni, akatazama chini, akatazama rundo, akamtazama mzee mstaafu kwenye kiti, wakatikisa vichwa pamoja. "Bosi," akasema, "hii sasa itakuwa laki nne."

"Laki nne? Nimeshachimba karibu nusu!"

"Ndiyo maana."

Akaeleza, na nilichukia jinsi alivyokuwa anaeleza vizuri. Rundo limewekwa ukingoni kabisa, lazima lisogezwe zaidi ya mita moja, maana uzito wake unasukuma ukuta na mtu akifukiwa na udongo ule hatoki. Kuta kati ya pembe lazima ziliwe ili lipatikane duara, na kuula ukuta ukiwa umesimama ndani ni kazi kuliko kuanza upya. Na mfinyanzi wangu umeshachokozwa, sasa ni wa vipande. Mama watoto alimchukua pembeni karibu na jiko, wakazungumza kwa sauti ya chini, na bei ikarudi laki tatu na nusu pamoja na chakula cha mchana. Hadi leo sijui aliambiwa nini, lakini alikuwa akinitazama kwa huruma.

Ni mtu mwembamba. Ukimwona kwenye daladala utampisha kiti. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulichukua sururu langu jipya na kuukata mpini wangu niliouloweka, akaufanya mfupi, kwa sababu ndani ya shimo mpini mrefu unapiga ukuta wa nyuma kabla hujafika mbele. Akavua raba, akashuka peku. Kwenye kuta akachonga vikanyagio vya miguu, kushoto na kulia, akawa anapanda na kushuka bila ngazi, wakati mimi kutoka shimoni nilikuwa natolewa kwa mikono miwili ya shemeji na dua. Mwenzake alikaa juu na kamba. Ndoo zilipanda zimejaa, si robo. Hawakuongea. Mfinyanzi ule ule ulionifanyia kiburi ukawa unatoka kwa mabonge, kwa sababu hakuwa anaupiga usoni, alikuwa anaufuata kwenye mistari yake.

Nilimpelekea maji nikamuuliza kama haogopi. Akasema shimo la futi kumi ni kitanda, tatizo ni visima: huko chini hewa hugoma, kwa hiyo hushusha kwanza mshumaa unaowaka, ukizimika naye hashuki, hata mwenye kisima aongeze dau. Kesho yake jioni alimaliza. Duara tupu. Wapita njia walisimama, wakachungulia, na hakuna hata mmoja aliyetoa shauri. Mama wa vitumbua alisema, "Hongera." Kwake yeye.

Tofali zimeshapangwa, mfuniko umemwagwa, na rundo tumebaki nalo. Kila mtu mtaani anahitaji kifusi, na kila mtu anakitaka kifikishwe kwake.

Kilichobaki ni mtaro wa bomba kutoka chooni hadi shimoni. Fundi bomba amekuja, naye ana masharti yake: bomba la inchi nne linataka mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ukipungua, vitu havitembei. Ukizidi, maji yanakimbia mbele na kuviacha nyuma. Kumbe hata huko kuna itifaki. Akataja bei ya kuchimba mtaro, na mimi nikameza mate, nikamtazama mama watoto, nikanyamaza.

"Mtaro huo si kitu, shem," shemeji akasema huku akikoroga chai. "Ni kazi ya asubuhi moja tu."

Nilimshukuru sana. Usiku nikalichukua sururu, sasa lina mpini mfupi unaomfaa kabisa mtu wa kimo chake, nikaliegemeza kwenye mlango wa chumba anacholala. Asubuhi nimelikuta pale pale, halijasogea hata kidogo, na shemeji ameshaondoka kwenda kwenye usaili. Chumba hicho kina mlango mmoja na dirisha lenye nondo.